Fedha Ndani ya Bahasha



Ukipita katika wilaya za Ngara na Biharamulo utaona majengo mengi ya shule, ya zahanati na ya makanisa ambayo sehemu ya gharama yake ilitolewa na watu wasiopata kuiona nchi hii hata siku moja. Hawakuja na mizigo vichwani. Kila mmoja aliketi mezani kwake, akaandika barua fupi, akatia fedha au hundi ndani ya bahasha, akabandika stempu, akaenda kuitia katika sanduku la posta. Kisha akarudi nyumbani kwake kupika chakula cha jioni.

Jambo hili ni la ajabu kuliko tudhanivyo. Mtu akimpa jirani yake mkungu wa ndizi, atauona ukimenywa, tena atasikia watoto wakicheka jikoni. Lakini yule atoaye kwa posta haoni kitu. Hamjui apokeaye, wala apokeaye hamjui yeye. Katikati yao kuna bahari, forodha, makarani, magari na matarishi. Basi ni nini kilichomfanya aamini ya kuwa fedha yake itafika? Na ikifika, je, kazi imekwisha?

Nataka kueleza kwa ufupi habari za sadaka zilizopita kwa posta, tangu zilipoanza hata zilipofika kwetu, ili tupate fundisho moja. Nalo ni hili: sadaka ya posta haitimizwi siku inapofika, hutimizwa siku hesabu yake inaporudi kwa yule aliyeituma.

Zamani za mpokeaji kulipa

Katika nchi ya Uingereza, kabla ya mwaka 1840, desturi ilikuwa kwamba gharama ya barua hulipwa na yule aliyeandikiwa. Tarishi alikuja mlangoni, akataja bei kwa kadiri ya umbali na idadi ya karatasi, na mwenye nyumba akalipa au akaikataa barua. Fikiri, ndugu msomaji, chama cha kusaidia maskini kingewezaje kupeleka barua elfu moja za kuomba msaada, ikiwa kila aombwaye lazima alipe kwanza ili asome maombi yenyewe? Ingekuwa kama kumtoza mgeni nauli ya kuingia nyumbani kwako. Kwa hiyo maombi ya sadaka siku zile yalifanywa zaidi kwa kinywa, katika mikutano na katika ibada, na fedha ilikusanywa mkono kwa mkono.

Bwana Rowland Hill ndiye aliyeshauri desturi hiyo igeuzwe. Alisema, mpelekaji na alipe mwenyewe, tena bei iwe moja na ndogo kwa nchi nzima. Tarehe 10 Januari 1840 bei ya senti moja ya Kiingereza, yaani peni, ikaanza kutumika kwa barua nyepesi, na mwezi wa Mei mwaka ule ule ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika. Tangu hapo barua ya kuomba msaada ilimfikia mtu pasipo kumgharimu kitu, naye akajibu kwa peni moja tu.

Lakini kupeleka sarafu ndani ya bahasha kulikuwa na hatari, maana hulia na huonekana kwa mkono. Posta ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuchukua kazi ya hawala za fedha mwaka 1838, na mwaka 1881 ikaanzisha hati ndogo za posta zenye kiasi kilichochapwa tayari, zilizouzwa kwa bei nafuu. Mtu asiye na akiba benki, mtumishi wa jikoni au kibarua wa shamba, aliweza kununua hati ya shilingi moja na kuipeleka kokote nchini. Wenye akiba benki walituma hundi, nao wakazoea kuipiga mistari miwili kwa kalamu, ili isiweze kulipwa taslimu kwa mtu yeyote aiokotaye, ila iingizwe katika hesabu ya benki. Mistari ile miwili ni kama kufuli juu ya karatasi.

Tena mwaka 1874 wajumbe wa mataifa 22 walikutana katika mji wa Bern, Uswisi, wakafanya mapatano ambayo yalizaa Umoja wa Posta Ulimwenguni. Kwa mapatano hayo stempu iliyonunuliwa katika nchi ya mpelekaji ilitosha kuichukua barua mpaka mwisho wa safari yake, hata ikipita katika nchi tatu au nne. Pasipo mapatano hayo kijiji cha mbali kama vyetu kisingeweza kupata barua ya rafiki ila kwa shida kubwa.

Sarafu ndogo za watu wengi

Watu wengi hudhani kwamba misheni zililishwa na matajiri. Sivyo. Mwaka 1822, katika mji wa Lyon, Ufaransa, kilianzishwa chama cha kueneza dini kwa shauri la msichana mmoja, Pauline Jaricot. Shauri lake lilikuwa jepesi: kila mtu atoe sarafu ndogo kabisa, iitwayo sou, kila juma, watu kumi wawe na mkusanyaji mmoja, na wakusanyaji kumi wawe na mkubwa wao. Kwa njia hiyo maskini wa viwandani walisaidia misheni za Kikatoliki duniani. Vivyo hivyo katika Uingereza, Chama cha CMS kilichoanzishwa mwaka 1799 kilikuwa na vyama vidogo katika miji na vijiji, na visanduku vya sadaka juu ya meza za nyumba. Mtunza fedha wa kila mahali alihesabu, akaandika, akapeleka jumla London. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini ziko barua nyingine zilizoleta fedha nyingi mara moja, na mojawapo yahusu ziwa letu wenyewe. Mwezi wa Aprili 1875 Henry Morton Stanley alikuwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Akaandika barua ya kuwaita walimu wa dini waje. Barua hiyo ilichukuliwa na Mfaransa, Linant de Bellefonds, aliyekuwa akirudi kwa njia ya Mto Naili, naye aliuawa njiani. Walakini barua ilifika, ikapigwa chapa katika gazeti la Daily Telegraph la London tarehe 15 Novemba 1875. Siku mbili baadaye mtu mmoja aliwaandikia CMS kwamba atatoa pauni 5,000 kwa ajili ya misheni ya Nyanza. Hakutia jina lake. Alijiita tu mtumishi asiye na faida, akifuata neno lililomo katika Injili ya Luka, sura ya 17. Ahadi nyingine kubwa zikafuata.

Tazameni jambo hili. Barua moja ilivuka nyika na majangwa, ikampoteza mchukuzi wake, ikafika. Barua ya pili haikuwa na safari kama hiyo. Barua hizo mbili zilipokutana, safari ikaanza. Mwaka uliofuata wamisionari wa kwanza waliondoka Uingereza, na tarehe 30 Juni 1877 wawili wao, Shergold Smith na C. T. Wilson, walifika kwa Mutesa. Kabla mwaka haujaisha Shergold Smith na mwenzake O'Neill waliuawa Ukerewe. Alexander Mackay, aliyekuwa miongoni mwa wale wa kwanza, alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwezi wa Februari 1890. Kwa hiyo tusidhani kuwa fedha ile ya bahasha ilifanya kazi peke yake. Fedha ilinunua mashua na vitabu. Lakini waliolipa kwa maisha yao ni wengine, Wazungu na Waafrika pia, na wapagazi wengi ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari lo lote.

Barua kati ya Sydney na nchi yetu

Baada ya vita vya 1914 hata 1918 nchi yetu ilitoka katika mikono ya Wadachi. Boma la Biharamulo, ambalo Wadachi walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20, lilichukuliwa na majeshi ya Wabeljiki mwaka 1916, na baadaye Waingereza wakatawala. Mwaka 1927 dayosisi mpya ya Kianglikana iliundwa, ikaitwa Tanganyika ya Kati. Askofu wake wa kwanza, George Alexander Chambers, aliwekwa wakfu tarehe 1 Novemba 1927. Kabla ya hapo alikuwa kasisi wa mtaa wa Dulwich Hill katika mji wa Sydney, Australia, na watu wa Australia ndio waliochukua mzigo wa kuitegemeza dayosisi hiyo. Makao yake yalikuwa Dodoma, lakini kazi ilienea mpaka upande wa magharibi. Kusini mwa Bukoba, kule Katoke, kukawa na chuo cha kufundisha walimu. Na Murgwanza, katika Ngara, kazi ya misheni ikaanza katika miaka ya 1930. Hospitali ya Murgwanza tunaijua sote, nayo imekuwa hospitali teule ya wilaya. Mwaka 1985 Murgwanza pakawa makao ya Dayosisi ya Kagera.

Basi fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwa Wakristo wa mitaa ya Australia, wengi wao si matajiri. Tena tukumbuke ya kuwa miaka ile ya 1930 ilikuwa miaka ya dhiki duniani pote. Katika Australia watu wengi walikosa kazi, wakasimama katika mistari ya kugawiwa chakula. Hata hivyo bahasha ziliendelea kuja. Kwa nini? Kwa sababu na barua ziliendelea kwenda. Askofu Chambers alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Habari za dayosisi ziliandikwa, zikachapwa, zikapelekwa kwa rafiki kwa meli: mahali gani pamefunguliwa shule, nani mgonjwa, paa gani limeanguka, fedha gani imetumika. Mtu aliyetuma shilingi tano mwezi wa Januari alisoma baada ya miezi kadhaa jinsi kazi ilivyokwenda. Hakuona kwa macho, lakini alijibiwa. Kujibiwa ndiko kulikomfanya atume tena.

Huku kwetu safari ya barua ilikuwa ndefu. Katika zama za Wadachi na hata baadaye, mifuko ya barua ilibebwa na matarishi kwa miguu, kituo kwa kituo. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja. Umoja huo ukadumu kwa majina mbalimbali mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Hapo Tanzania ikawa na shirika lake la posta na simu, na tarehe 1 Januari 1994 kazi hizo zikatenganishwa, likazaliwa Shirika la Posta Tanzania. Katika mabadiliko hayo yote jambo moja halikubadilika vijijini: tarishi haji mlangoni. Barua huja katika sanduku la posta lenye namba, na mara nyingi sanduku la shule au la kanisa hutumiwa na kijiji kizima. Mwenye ufunguo wa sanduku hilo ameshika imani ya watu wengi, na zaidi ya hao imani ya wale walio mbali wasiomjua.

Jinsi bahasha inavyofunguliwa

Yafaa tujue pia kinachofanyika bahasha ifikapo katika ofisi ya chama cha hisani. Katika vyama vyenye utaratibu mzuri mtu mmoja hafungui barua za fedha peke yake. Hukaa wawili. Mmoja hufungua na kusoma kiasi kwa sauti, wa pili huandika katika daftari: tarehe, jina, kiasi, na kusudi la mtoaji. Kisha fedha hupelekwa benki nzima, bila kupunguzwa hata senti ya kununulia chai. Risiti huandikwa na kurudishwa kwa posta. Mwisho wa mwaka mkaguzi asiye mtu wa chama hicho hulinganisha daftari na karatasi za benki.

Wengine husema, "Mbona masharti mengi hivi? Je, hawaaminiani?" Ni kinyume chake. Wawili huketi pamoja ili asiwepo mmoja wa kushukiwa. Mtume Paulo, alipokusanya sadaka ya makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuibeba peke yake. Aliyataka makanisa yachague watu wenye sifa njema waifuatane naye, asije mtu akamlaumu. Na wahenga wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka wa 1994

Sasa tufike katika habari iliyoufanya ulimwengu wote ulijue jina la Ngara. Nchi yetu ilikuwa imezoea wakimbizi. Baada ya machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959, Watutsi waliokimbia walifika, na wengine wakakaa Muyenzi. Mwezi wa Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, wakaja Warundi. Lakini lile la 1994 halikuwa na mfano. Katika Rwanda mauaji ya kuwaangamiza Watutsi yalikuwa yameanza mwezi wa Aprili. Majeshi ya RPF yaliposonga mbele upande wa mashariki, Wahutu wengi wakakimbia mbele yao, na tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 200,000 hadi 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Wakaketi Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kitaliano ya kujenga barabara. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1988 wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara hawakufika 200,000. Basi wageni wa siku moja walikuwa wengi kuliko wenyeji wote.

Picha za daraja lile zikaenda duniani, na bahasha zikaanza kuja. Katika Uingereza kamati ya mashirika ya misaada iitwayo DEC, iliyoundwa mwaka 1963 ili mashirika yaombe kwa sauti moja, ilifanya ombi kwa ajili ya Rwanda, na watu wakatoa pauni milioni 37. Wengine walitoa kwa simu, wengine katika benki na posta za mitaa yao, na wengi walituma hundi kwa barua. Katika nchi nyingine pia ilikuwa hivyo. Fedha hizo na zile za serikali ziligeuka mahindi, maharage, mahema ya plastiki, visima na dawa. Shirika la TCRS, lililoanza kuwasaidia wakimbizi katika Tanganyika mwaka 1964, lilikuwa miongoni mwa watenda kazi wa Ngara, pamoja na Msalaba Mwekundu na wengine wengi chini ya UNHCR. Watu wengi walipona ambao pasipo bahasha zile wangekufa. Neno hili lazima lisemwe waziwazi, na lisisahauliwe.

Lakini kuna neno la pili. Kuni zilizopika yale mahindi zilikatwa katika vilima vya Ngara. Maji yalitekwa katika vijito vya Ngara. Mashamba yaliyokanyagwa na migomba iliyovunwa usiku ilikuwa ya wanavijiji. Hiyo nayo ilikuwa sadaka, ingawa wengine hawakuulizwa kama wapenda kuitoa, nayo haikuandikiwa risiti. Mtoaji wa mbali aliandikiwa barua ya shukrani yenye muhuri; mama wa kijijini aliyetembea mwendo mrefu zaidi kutafuta kuni hakuandikiwa na mtu. Katika historia ya sadaka yafaa wote wawili waandikwe katika ukurasa mmoja.

Nalo neno la tatu ni gumu zaidi. Katika umati ule wa wakimbizi walikuwamo watu waliotoka kuongoza mauaji. Mmoja wao, Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa zamani mkuu wa komuni ya Murambi, alikuwa Benaco. Mwezi wa Juni 1994 ilipotakiwa aondolewe kambini, umati ukafanya ghasia na kuwatisha watumishi wa misaada. Baadaye alikamatwa, akahukumiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Arusha. Mwaka 1911 haukuwa na mahakama za namna hiyo, lakini mwaka 2011 ilimpa kifungo cha maisha, na katika rufani ya mwaka 2012 kikawa miaka 40. Mwanzoni mwa kambi chakula kiligawanywa kwa kupitia wakuu wa komuni wale wale wa zamani, na orodha za majina zikaongezwa watu wasiokuwapo. Aliyeshika orodha ndiye aliyeshika chakula, na aliyeshika chakula ndiye aliyeshika watu.

Fikirini basi yule mzee wa Uingereza aliyetuma pauni kumi. Bahasha yake ilifika salama. Hundi ililipwa. Mahindi yalinunuliwa, yakasafirishwa, yakafika Benaco. Kila mkono njiani ulikuwa mwaminifu. Na bado kibaba cha mwisho kiliweza kuingia mikononi mwa mtu mwenye damu. Wenye mashirika waliliona jambo hili, nao wakagawanyika. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa katika kambi za Wanyarwanda mwishoni mwa mwaka 1994, kwanza Zaire, kisha Tanzania, likisema haliwezi kuwalisha wauaji. Wengine walibaki, wakisema kwamba wengi waliomo ni wanawake, watoto na wakulima, na mtoto mwenye kipindupindu hana kosa. Wakajitahidi kugeuza ugawaji ili chakula kiwafikie watu wa kila nyumba, wasipitie kwa wakubwa. Mwezi wa Desemba 1996 Wanyarwanda wengi sana walirudishwa kwao kwa daraja lile lile la Rusumo.

Je, ni nani aliyefanya vema, aliyeondoka au aliyebaki? Mimi naona kila upande ulikuwa na sababu nzito. Lakini pande zote mbili zilifanya jambo moja lililo jema: ziliwaambia watoaji habari za kweli, hata zile za aibu. Hazikuandika kwamba kambi imejaa shukrani na nyimbo. Ziliandika kwamba chakula kinaibwa, na ni nani wakiibao, na wamekusudia kufanya nini. Hesabu ya namna hii ni chungu kuandika. Lakini hesabu isiyo na habari mbaya hata moja ni ya kutiliwa shaka.

Sasa sisi nasi tu watoaji

Kwa muda mrefu tulizoea kuhesabiwa kuwa wapokeaji. Siku hizi sivyo tena. Watoto wa Ngara na Biharamulo wanaofanya kazi Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo hutuma fedha nyumbani kwa ajili ya paa la shule au mgonjwa wa hospitali, na vijiji vyetu huchangia walio mbali wanapofikwa na mafuriko au njaa. Njia nazo zimegeuka. Tangu utumaji wa fedha kwa simu ulipoanza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, bahasha zimepungua sana. Lakini hatari ni ile ile ya zamani, maana kwa simu pia humwoni akupokeleaye. Kwa hiyo mashauri haya yafaa kwa bahasha na kwa simu pia.

La kwanza, usitie noti tupu ndani ya barua ya kawaida. Tumia hundi yenye mistari miwili, au njia ya posta, benki au simu iachayo alama ya maandishi.

La pili, peleka kwa jina la chama, wala si kwa jina la mtu. Chama cha kweli kina hesabu ya benki kwa jina lake, tena kimeandikishwa. Kwa Sheria ya mwaka 2002 mashirika yasiyo ya serikali hapa Tanzania yapaswa kuandikishwa na kutoa taarifa za kila mwaka. Kuuliza namba ya kuandikishwa si ukosefu wa adabu.

La tatu, andika kusudi. "Kwa dawa", "kwa madawati". Neno moja lililoandikwa humfunga mpokeaji kuliko maneno mia yaliyosemwa.

La nne, dai risiti, nayo ikija uitunze.

La tano ni la wapokeaji, nalo ndilo kubwa. Andikeni barua ya kurudi. Msingoje mpaka mhitaji tena. Barua ijayo na ombi jipya pasipo habari ya fedha ya kwanza ni kama mtu akopaye mbegu kila mwaka asionyeshe shamba. Kama paa limejengwa, semeni. Kama fedha ilipungua, semeni. Kama ilipotea, semeni ilipotea mikononi mwa nani na mmefanya nini. Yule mtu wa mbali alitutumainia asituone. Deni letu kwake si kumsifu, bali kumwambia kweli.

Wala tusimsahau jirani. Posta ni njia njema ya kumfikia aliye mbali, lakini si kisingizio cha kumpita aliye karibu. Mwaka 1994 bahasha zilichukua majuma kufika, na wageni walihitaji maji siku ile ile. Waliowapa maji walikuwa watu wasio na stempu.

Walimu wenzangu, twaweza kuanza na watoto. Wafundishwe kuandika barua ya shukrani yenye tarehe, kiasi, na neno la kweli juu ya kazi iliyofanyika. Kisha waiandike anwani wenyewe na kuipeleka posta. Mtoto aliyejifunza hivyo akikua akawa mtunza fedha wa kijiji, ataketi na mwenzake, atafungua bahasha, atasoma kiasi kwa sauti, naye mwenzake ataandika.